Kolwezi: nani yuko ndani ya shimo? Fomu ya simu inaweza kujibu, mtu akiwa tayari kusikiliza

Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, daraja liliporomoka katika machimbo ya Kalando, eneo la Mulondo, jimbo la Lualaba. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba, alitangaza vifo visivyopungua 32. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, ilitaja watu wasiopungua 40. Miaka sita kabla, tarehe 27 Juni 2019, machimbo yalibomoka ndani ya eneo la kampuni ya KCC karibu na Kolwezi. Hesabu mojawapo ya mwanzo ilikuwa watu 36, baadaye ikafika 43.

Kila ajali ya namna hii inaacha swali lilelile mbele ya familia zinazongoja kando ya shimo: nani alikuwa ndani? Kwenye machimbo mengi jibu liko kichwani mwa wenzake, au katika kaye moja iliyo mikononi mwa mlinzi wa lango. Kaye ikilowa na mvua au ikipotea, orodha imepotea nayo.

Leo kuna njia ya kuandika orodha hiyo kwa simu na kuifikisha mahali pengine muda mfupi baada ya mchimbaji kupita langoni. Haihitaji mtu aliyesomea kuandika programu. Lakini ina mitego yake, na mkubwa zaidi hauko ndani ya simu.

Njia yenyewe ni hii

Kuna vipande vitatu: fomu, kiunganishi na hifadhidata.

Fomu ni maswali yanayojazwa kwenye simu. Wengi huku mashariki mwa Kongo wanaijua KoboToolbox, kwa sababu mashirika ya misaada yanaitumia kuorodhesha wakimbizi na kuuliza wakaaji mahitaji yao. Ilianzishwa na watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham wa Harvard Humanitarian Initiative, waliofanya uchunguzi kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Faida yake kwetu ni moja: inajazwa hata pasipo mtandao. Majibu yanabaki kwenye simu, na mtandao ukirudi yanatumwa.

Hifadhidata ni jedwali kubwa linalokaa kwenye seva za mbali, kule wanakoita kwenye wingu. Simu ikiibwa au ikianguka majini, yale yaliyokwisha kutumwa yanabaki salama.

Kiunganishi ndicho kinachochukua jibu kutoka kwenye fomu na kuliandika katika jedwali, bila mtu kunakili kwa mkono. Kazi hii inafanywa na huduma kama Zapier, Make au n8n. Unachora njia kwenye kioo cha kompyuta: jibu jipya likiingia, chukua namba ya kadi, iweke safu ya kwanza, chukua saa, iweke safu ya pili. Kobo inaweza kutuma kila jibu kwenye anwani ya intaneti unayoipa, na kiunganishi kinakaa kwenye anwani hiyo kikingoja.

Tuseme ushirika mmoja wa wachimbaji una watu 60 wanaoshuka kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi anajaza namba ya kadi, namba ya shimo na neno "ameingia". Jedwali linaandika "ndani". Jioni mtu akitoka, mlinzi anajaza namba ileile na neno "ametoka". Kiunganishi kinaitafuta namba hiyo na kubadilisha "ndani" kuwa "nje". Saa kumi na mbili jioni, kama namba yoyote bado inasema "ndani", ujumbe unakwenda kwenye simu ya msimamizi wa usalama.

Pale inapokwama

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Kazini, mambo madogo ndiyo yanayoharibu.

La kwanza ni namba. Kadi nambari 0457 ikiwekwa kwenye safu iliyopangwa kuwa ya hesabu, jedwali linafuta sifuri na kuandika 457. Jioni kiunganishi kinatafuta 0457, hakikioni, na mtu aliye nyumbani anakula bugali anahesabiwa kuwa bado chini. Dawa: safu hiyo ipangwe kuwa ya maandishi.

La pili ni saa. Kolwezi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na seva nyingi zinaandika saa ya kimataifa, ambayo iko saa mbili nyuma ya yetu. Aliyeingia saa kumi na mbili asubuhi ataonekana aliingia saa kumi usiku. Na onyo lililopangwa kwa saa ya seva litafika saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Kwa mtu aliyefukiwa, saa hizo mbili ni nyingi.

La tatu ni gharama. Watu 60 wakiingia na kutoka ni majibu 120 kwa siku. Zapier bila malipo inaruhusu kazi 100 kwa mwezi, kwa hiyo mgao wa mwezi mzima unaisha jioni ya siku ya kwanza. Make bila malipo inatoa 1.000 kwa mwezi, ambazo nazo hazitamaliza wiki mbili. n8n inaweza kuwekwa kwenye seva yako mwenyewe bila kuhesabiwa kila kazi, lakini hapo lazima awepo kijana wa kuitunza, na seva yenyewe inalipiwa. Huduma ikifikia kikomo, majibu yanaacha kuandikwa, na mlinzi pale langoni hatajua. Yeye anaona tu kwamba fomu imekubali.

La nne ni mtandao. Fomu iliyojazwa bila mtandao inangoja ndani ya simu. Kama simu hiyo inakaa bondeni siku nzima, au chaji imeisha kwa sababu umeme ulikatika usiku, orodha haijatoka machimboni. Imebadilika tu kutoka karatasi kuwa kioo. Kwa hiyo mahali pa mlinzi pachaguliwe pale mtandao unaposhika, awe na betri ya akiba, na kaye ibaki pembeni kama msaada.

Orodha inaweza pia kudhuru

Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji mdogo awe Mkongomani mtu mzima, mwenye kadi, ndani ya ushirika uliokubaliwa, na afanye kazi katika eneo lililotengwa. Kila mkaaji wa Kolwezi anajua kwamba wengi wanachimba nje ya masharti hayo. Kwao, jedwali lenye jina, namba ya simu na shimo linaweza kugeuka orodha ya kukamatwa, au ya mfanyabiashara anayetafuta waliokopa pesa zake.

Fomu ikiuliza umri, kila kijana ataandika 18. Fomu ikitisha, watu watapita nyuma ya uzio. Kule Kalando, mamlaka ya jimbo ilisema kuingia kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua, na wachimbaji wakaingia kwa nguvu. Hakuna fomu inayoweza kumhesabu mtu asiyepita langoni. Majaribio ya Mutoshi, yaliyofanywa na kampuni za Chemaf na Trafigura pamoja na shirika la Pact kuanzia mwaka 2018, yalianza na uzio na kadi za kuingilia. Lango lilitangulia.

Kongo ina Kanuni ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na sehemu yake inalinda habari za mtu binafsi. Kwa ushirika, njia ya busara ni kuuliza machache. Fomu ya kila siku ibebe namba ya kadi tu, na majina pamoja na simu za familia yakae katika jedwali la pili linalofunguliwa na watu wawili au watatu siku ya hatari. Funguo za akaunti ziwe za ushirika wenyewe. Zikiwa za fundi aliyeweka mfumo, siku akihama anaondoka na orodha.

Mwisho wa waya ni mtu

Kuunganisha fomu na hifadhidata ni kazi ya siku chache. Kazi ngumu inaanza baadaye: ujumbe ukifika saa kumi na mbili jioni kwamba namba 0457 bado iko ndani, nani anaamka kwenye kiti? Ana ruhusa ya kusimamisha kazi? Ana kamba, pampu na gari? Kama majibu ya maswali hayo hayapo, jedwali litatunza tu majina ya wafu kwa usafi zaidi.

Wanaotaka kujaribu waanze na shimo moja, kwa wiki moja. Kila jioni wahesabu watu kwa sauti pale langoni, kisha walinganishe na jedwali. Hesabu mbili zikipishana, watafute sababu kabla ya kuongeza shimo la pili.

Na mchimbaji ambaye hatagusa kompyuta hata siku moja anaweza kupima mfumo kwa swali moja. Amuulize msimamizi wake asubuhi: jana jioni, wangapi walikuwa bado ndani? Msimamizi akilazimika kwanza kuuliza wengine, mfumo bado haujafanya kazi.