Kuona si Kusadiki: Riwaya Inapopandishwa Jukwaani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kuketi katika bwalo la shule ukitazama riwaya ikiigizwa. Vicheko huwa vingi, na aghalabu mwanafunzi huondoka akiamini kwamba sasa kitabu anakijua. Makala haya yananuia kuonyesha kwa nini imani hiyo ni ya hatari, na jinsi tunavyoweza kuigeuza ikatufaa.

Mfano wetu ni Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert (1909–1962) iliyochapishwa mwaka wa 1951. Pamoja na Adili na Nduguze na Kufikirika, ni miongoni mwa kazi za kinjozi ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezipenda kizazi baada ya kizazi. Miaka michache iliyopita, wanafunzi wa shule jirani hapa Muthara waliigeuza kuwa mchezo wa saa moja, nami nikawapeleka wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Nakala za kitabu tulikuwa nazo nne kwa darasa zima, hivyo nilidhani mchezo ungeziba pengo. Nilikosea.

Jukwaa lilipofaulu

Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Katika riwaya, msimulizi hutuambia hivyo na akili zetu zikafanya kazi iliyobaki. Waigizaji wale hawakuwa na msimulizi. Walitandaza shuka za buluu, wakazishika pembeni na kuzipunga polepole, wahusika wakapita katikati. Ukumbi ulinyamaza kimya.

Zingatia hapa, mtahiniwa: kile ambacho riwaya hukitenda kwa maelezo, mchezo hukitenda kwa mandhari, maleba, sauti na miondoko. Wala njozi si mali ya riwaya peke yake. Ebrahim Hussein aliiandikia jukwaa moja kwa moja katika tamthilia yake Mashetani (1971).

Kilichopotea

Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa ya kuifaidi nchi, malipo yao yakawa kifungo. Safari hizo ni hadithi ndani ya hadithi. Tunazipata kutoka kinywani mwa mshtakiwa, naye hana silaha nyingine. Akisadikiwa ataokoka, asiposadikiwa ataangamia. Jina la riwaya limebeba suala hilo hilo.

Jukwaani, safari hizo ziliigizwa kwa mbinu rejeshi. Wajumbe walipanda, wakashuka, wakakamatwa, na watazamaji wakashangilia. Wakati huo wote Karama alikuwa ameketi pembeni, kimya. Mchezo ulipendeza, lakini mtetezi alikuwa amepokonywa ulimi.

Siku iliyofuata niliuliza: Eleza jinsi Karama anavyojitetea (alama 6). Wengi waliandika kwamba aliwaleta wajumbe mahakamani wakatoa ushahidi. Mmoja wao alikuwa msichana hodari kuliko wote darasani. Nilimpa sufuri. Alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi, akasema, "Lakini mwalimu, mimi niliwaona."

Maneno hayo yalinisumbua, maana hakusema uongo. Aliwaona kweli, na ni mimi niliyempeleka. Nilimpa nakala moja akaisome nyumbani mwishoni mwa juma. Jumatatu aliniambia, "Mwalimu, ni kama kesi mbele ya Njuri Ncheke. Hakuna anayeigiza kosa. Unasema, na wazee wanapima maneno yako." Kuhusu kesi ya Karama, sijapata kusikia jibu zuri kuliko hilo, na mchezo peke yake usingempa.

Hata ng'ambo ni vivyo hivyo

Riwaya saba za Harry Potter, zilizoandikwa na J. K. Rowling, zilitoka kati ya 1997 na 2007. Mwaka wa 2016 mchezo wa Harry Potter and the Cursed Child ulianza kuonyeshwa London. Mwandishi wa mchezo huo ni Jack Thorne, kutokana na kisa alichokibuni pamoja na Rowling na mwelekezi John Tiffany. Matini yake ilipochapishwa, baadhi ya wasomaji waliozoea riwaya walishangaa kukuta mazungumzo na maelekezo ya jukwaa tu. Msimulizi waliyemzoea hakuwemo. Yaliyoachiwa taa na waigizaji hayakuweza kukaa kwenye karatasi.

Tufanyeje?

Kwanza, kitabu kisomwe kabla ya mchezo. Nakala zikiwa chache, wanafunzi wasomeane kwa sauti katika vikundi.

Pili, kila mtazamaji awe na daftari lenye safu tatu: kilichoongezwa, kilichoachwa na kilichobadilishwa.

Tatu, mjadili sababu. Kwa nini mwelekezi alikata hapa? Badiliko hilo limeathiri vipi maudhui na mhusika? Swali hili ndilo litakalomfunza mwanafunzi tofauti ya riwaya na tamthilia, kuliko fasili ya kukariri.

Nne, katika mtihani jibu kutoka kwenye matini. Ukiulizwa muktadha wa dondoo, taja msemaji, msemewa, mahali na sababu, yote kama yalivyo kitabuni. Mtahini hakuwa nawe bwaloni.

Sikusudii kuwakataza walimu maigizo. Shuka zile za buluu ziliwafanya vijana wengi waombe kitabu ambacho awali hawakutaka hata kukigusa. Mwaka uliofuata niliwapeleka wanafunzi tena, ila safari hii nakala zetu nne zilikuwa zimekwisha kuzunguka darasa zima.