Shamba la Rehema

Hapa Karungu, ambako ugomvi wa mpaka wa shamba husikika sokoni Sori kama vile bei ya omena, tumeisoma upya Nyota ya Rehema, riwaya ya Mzanzibari Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Wengi huisifu kwa mapenzi yake. Sisi tumeshikwa na shamba.

Rehema ni binti wa Fuad, tajiri wa mashamba anayejivunia nasaba yake. Mtoto amezaliwa mweusi, na hilo linatosha kuwa hatia. Mama yake, Aziza, anafariki. Mama wa kambo, Adila, hampi nafasi. Rehema anaikimbia nyumba kubwa, anadhalilika mjini, hatimaye anaolewa na Sulubu, mkulima maskini.

Mafakihi wameandika mengi juu ya kafaa, yaani mume kulingana na mke kwa nasaba na hali. Hata hivyo waliihesabu kuwa haki, na mke pamoja na walii wake waweza kuisamehe. Kwa mizani ya mji, Sulubu ni duni. Kwa mizani ya Rehema, ndiye aliyemheshimu, na babaye hakufanya hivyo.

Kisha Fuad anafariki. Karim, mume wa Salma, anakuja kulidai shamba ambalo Rehema na Sulubu wamelilima kwa jasho lao, na Sulubu anamuua. Vijana humshangilia. Sisi hatukuweza: Rehema aliyekosa baba sasa anamkosa mume, na damu haigawi mirathi.

Lawama yetu tumeiweka juu ya Fuad. Angaliweza, angali hai, kumtambua mwanawe hadharani, na kumkabidhi hiba mbele ya mashahidi. Fungu la binti katika Suratun Nisaa, aya ya 11, halitazami rangi.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya mirathi, lakini kwa sharti kwamba wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa huko. Huku ziwani sisi ni wachache, na ukoo mmoja waweza kuwa na watu wa dini mbili. Ndugu mmoja akikataa, shauri huenda mahakama nyingine, na binti huanza upya kueleza yeye ni mtoto wa nani.