Dakika za Saranda

Abiria wa treni ya bara anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma au Mwanza huulizia Saranda mapema, na si kwa kuwa anashuka pale. Anaulizia kuku. Stesheni hiyo ndogo ya wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, imejipatia jina kwa kuku wa kienyeji. Treni ikisimama, masinia na mabeseni huinuliwa hadi usawa wa madirisha, bei hupatanwa chapuchapu, na pengine chenji hupokelewa magurudumu yameshaanza kuzunguka. Wengi huyaona hayo kama burudani ya safari. Kwangu ni somo la uchumi: kwa kijiji, faida ya reli haimo katika kasi ya treni, imo katika dakika inazosimama.

Dakika hizo hakuna aliyezitoa kwa huruma. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 wakilenga kufika Ziwa Tanganyika. Walifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Saranda ipo kati ya Dodoma na Tabora, kwenye sehemu ambayo njia inapanda kutoka Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Injini za mvuke zilikuwa na kiu. Hazikwenda mbali bila kujazwa maji. Tena reli yenyewe ni njia moja, kwa hiyo treni mbili zikikabiliana, moja lazima iingie njia ya pembeni stesheni na kungoja nyingine ipite. Mashine ndiyo iliyotaka vituo. Wanakijiji walizikuta dakika za kungoja, wakazigeuza soko.

Nguvu ya soko hilo inaeleweka ukiitazama ardhi yenyewe. Huku ni nchi kavu, mvua ni haba, na mkulima anategemea mtama na uwele. Kuku ni akiba yake inayotembea. Anayetaka kuuza kuku wawili hana haja ya lori wala dalali. Anachohitaji ni mnunuzi mwenye njaa na fedha mfukoni, na treni humletea mamia kwa mkupuo. Ujirani nao una funzo. Kilimatinde ilikuwa na boma la Wajerumani kabla reli haijafika, lakini reli haikupita pale. Leo makao makuu ya wilaya yapo Manyoni, penye stesheni.

Atakayenipinga ataniambia kwamba nasifia uchakavu. Treni ya zamani huchelewa, na mafuriko ya upande wa Kilosa na Gulwe yameikata njia hiyo mara nyingi. Tangu 2024 treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, SGR, inawafikisha abiria wa Dar es Salaam mjini Dodoma kwa saa chache, ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Nani atatamani kurudi nyuma? Hakuna, na mimi simo. Ila treni ya umeme haina kiu ya maji, kwa hiyo mashine haitaisemea tena stesheni ndogo. Lazima isemewe na watu. Mkataba wa kipande cha reli hiyo mpya cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa 2021, na ratiba ya njia hiyo bado inaweza kupangwa kwa kuwafikiria wakazi wake. Wala si lazima kila treni isimame kila mahali. Nchini Kenya, kwenye reli mpya iliyoanza 2017, treni ya moja kwa moja ya Mombasa na Nairobi inatumia njia moja na ile inayosimama Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali.

Wapo pia watakaosema kwamba barabara ya lami imeshachukua nafasi ya reli, wauzaji wahamie kwenye mabasi. Lakini basi hubeba watu wachache, na mara nyingi dereva ndiye anayechagua hoteli ya kula, hivyo mlaji huangukia mikononi mwa mwenye hoteli. Pingamizi zito zaidi ni hili: madirisha ya treni mpya hayafunguki. Hata ikisimama, sinia halitapita. Hapo nakubali kwamba kusimama peke yake hakutoshi. Abiria apewe muda wa kushuka, na jukwaani pawe na banda, bomba la maji na meza safi, jambo ambalo pia litawajibu wanaotilia shaka usafi wa chakula cha reli. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya madaraja na mahandaki ya reli hiyo. Dakika kumi zikiandikwa kwenye ratiba, mama wa Saranda atajua saa ya kuinjika chungu.