Mgongo wa Seli ya Jua

Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla, na nchi nyingi zikaanza kujiuliza nishati ya siku zijazo itatoka wapi. Mwaka uliofuata mhandisi kijana, Martin Green, aliyekuwa amepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, alijiunga na Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, Australia, akaanzisha kikundi kidogo cha kuchunguza seli za jua, yaani vile vipande vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa umeme bila moshi na bila kuongeza hewa ya ukaa angani. Kikundi hicho kilikua kikawa miongoni mwa vituo mashuhuri kabisa vya utafiti huo duniani, na tangu mwanzoni kilifanya kazi bega kwa bega na wenye viwanda.

Yaliyofanyika huko ni mengi. Hapa tutaeleza moja tu: jinsi upande wa nyuma wa seli, ambao jua halimuliki, ulivyotengenezwa upya. Fizikia yake inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kusoma habari za atomu na chaji. Aidha, kisa hiki kina swali linalotuhusu sisi tulio vyuoni: ujuzi huvukaje kutoka maabara hadi kiwandani?

Kwanza tuone kwa nini jambo hilo lilistahili taabu. Katika vipimo vya kawaida huchukuliwa kwamba kila mita moja ya mraba hupokea wati 1,000 za mwanga. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iliyotengenezwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, iligeuza asilimia 6 hivi tu ya mwanga huo kuwa umeme. Sasa tuchukue zahanati inayohitaji wati 600 wakati wa jua kali. Kwa seli zenye ufanisi wa asilimia 15 itahitaji mita 4 za mraba. Kwa seli za asilimia 20 zitatosha mita 3. Iliyopungua si silikoni peke yake. Vimepungua pia kioo, fremu, nguzo, waya na nafasi ndani ya lori. Ndiyo maana watafiti hugombania hata sehemu ya asilimia moja, jambo ambalo kwa mtu wa nje huonekana kama mchezo.

Elektroni hupotelea wapi?

Mwanga unapoingia ndani ya silikoni, kila fotoni yenye nishati ya kutosha hung'oa elektroni mahali pake na kuacha tundu. Kazi ya seli ni kuitenga elektroni hiyo na matundu na kuipitisha katika waya za nje. Ikikutana na tundu kabla ya kufika huko, huanguka ndani yake, na nishati yake huishia kuwa joto tu. Fizikia yote ya kuboresha seli ni habari ya kuzuia makutano hayo.

Sasa, mahali pabaya kuliko pote ni penye uso wa fuwele. Ndani ya silikoni kila atomu imeshikana na jirani zake wanne. Atomu iliyoko usoni imekosa jirani wa upande mmoja, nayo hubaki na kifungo kilicho wazi. Vifungo hivyo wazi ni mitego: elektroni ipitayo karibu hunaswa na kuunganishwa tena na tundu. Metali ikigusa silikoni moja kwa moja, mitego huzidi. Na seli za kawaida za wakati ule zilikuwa zimepakwa aluminiamu mgongo mzima, kwa kuwa lazima umeme uwe na njia ya kutokea.

Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake hapa: ni mwanga wa rangi gani unaoathirika zaidi? Mwanga wa buluu humezwa karibu sana na uso wa mbele. Mwekundu, na mionzi ya infraredi inayopakana nao, hupenya mbali ndani ya silikoni, na elektroni zake huzaliwa karibu na mgongo, mlangoni pa mitego.

Kikundi cha Sydney kilikuwa kimekwisha kuvuka asilimia 20 mwaka 1985, wa kwanza duniani kwa seli za silikoni, hasa kwa kuutengeneza vizuri upande wa mbele. Baada ya hapo waligeukia mgongo. Waliufunika kwa tabaka jembamba la oksidi ya silikoni, ambayo hufunga vile vifungo vilivyo wazi, kisha wakatoboa vitundu vidogo vidogo katika oksidi hiyo na kupaka aluminiamu juu yake. Metali iligusa silikoni kwenye vitundu tu. Penginepo ilitenganishwa nayo na oksidi. Faida ikaja maradufu, kwani metali iliyoko nyuma ya oksidi ni kioo kizuri cha kujitazamia: mwanga mwekundu uliopita bila kumezwa hurudishwa ndani na kupata nafasi ya pili. Mwaka 1989 Andrew Blakers na wenzake walitangaza seli ya namna hiyo yenye ufanisi wa asilimia 22.8. Inajulikana kwa jina la PERC.

Kungoja kiwanda

Baada ya tangazo lile, viwanda viliendelea na aluminiamu yao mgongo mzima kwa zaidi ya miaka ishirini. Si haki kuwalaumu wenye viwanda kwamba walilala. Silikoni yao ilikuwa na uchafu mwingi kuliko ile ya maabara, na vipande vyao vilikuwa vinene. Elektroni nyingi zilikufa njiani kabla ya kuufikia mgongo. Mtu ambaye mtungi wake unavuja ubavuni hana haraka ya kuziba kitako. Isitoshe, oksidi ya maabara ilioteshwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, na vitundu vilichorwa kwa njia za gharama kubwa.

Mambo yalibadilika miaka ya 2000. Silikoni ilipopanda bei, viwanda vilikata vipande vyembamba zaidi, na mgongo ukawa karibu. Watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walionyesha kwamba oksidi ya aluminiamu hufaa kuliko ile ya silikoni, kwa sababu ndani yake imekwama chaji hasi, na chaji hasi huzifukuza elektroni zisiusogelee uso. Vitundu navyo vikaanza kutobolewa kwa leza. Kufikia mwaka 2020 sehemu kubwa ya seli mpya za silikoni duniani zilikuwa za PERC.

Lakini zilitengenezwa China, wala si Australia. Hapo ndipo penye swali letu. Kituo cha Sydney hakikukosa mikataba: aina nyingine ya seli zake, ambayo waya zake hufukiwa katika mifereji iliyochongwa kwa leza, iliuzwa kwa leseni kwa BP Solar na kutengenezwa Hispania. Kilichovuka kwa nguvu zaidi, hata hivyo, ni watu. Shi Zhengrong, kijana kutoka China aliyepata uzamivu wake huko Sydney mwaka 1992, alianzisha kampuni ya Suntech mjini Wuxi mwaka 2001. Ilianza na seli za kawaida, si PERC. Jianhua Zhao na Aihua Wang, waliokuwa nguzo za maabara ile, walikwenda kuanzisha utengenezaji mjini Nanjing. Suntech yenyewe ilifilisika mwaka 2013, lakini mafundi na mazoea yalikuwa yamekwisha kuenea.

Wako Waaustralia wanaosema nchi yao ilipoteza mali. Mimi naona wamesema nusu tu. Australia haikuwa na kiwanda kikubwa cha kuupokea ujuzi ule, na hataza haifui chuma. Kwa upande mwingine, bei za paneli zilizoshuka kwa sababu ya viwanda vya China ndizo zilizofunika mapaa ya Australia kwa umemejua, na ndizo zinazotufikia hata sisi madukani. Swali lililo gumu zaidi kwa vyuo vyetu ni hili: mwanafunzi tunayemfundisha fizikia ya nusu-kipitishi leo, atakapohitimu, atapeleka mikono yake katika kiwanda gani?

Mwaka 2023 Green, Blakers, Zhao na Wang walitunukiwa Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi. Wakati huohuo PERC ilikuwa imeanza kupisha aina iitwayo TOPCon, iliyoasisiwa Ujerumani. Humo hata vitundu vimeondolewa. Kati ya silikoni ya seli na mguso wa nyuma umewekwa utando wa oksidi usiofika unene wa nanomita 2, mwembamba kiasi kwamba elektroni huupenya bila kuutoboa. Kikomo cha kinadharia cha seli ya silikoni peke yake ni asilimia 29.4 hivi, na seli bora za maabara zimekwisha kupita 26.