Faida za Shule Ndogo kwa Watoto Wadogo

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, safari na mashairi. Leo napenda kuwaeleza jambo ambalo huenda wengi wenu hamlifikiri tena kwa kuwa mmekwisha kulipita, nalo ni shule ya mtoto wa miaka sita hadi tisa. Mimi nilisoma katika shule yetu hii zamani, na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Kila mwanzo wa mwaka napokea watoto wa miaka tisa na kumi wanaoanza darasa la kwanza. Watoto hao si wajinga, wala wazazi wao si wavivu. Kwao ni mbali, na katikati ya njia kuna bonde linalojaa maji wakati wa mvua.

Watu wengi hudhani ya kuwa ada peke yake ndiyo huwazuia watoto kusoma. Mwaka 1997 Serikali ya Uganda iliondoa ada katika shule za msingi, na mara hiyo idadi ya wanafunzi ikaongezeka mno. Lakini mwendo ulibaki vile vile. Mtoto akaaye kilometa 5 kutoka shuleni hutembea kilometa 10 kila siku. Kijana wa miaka 12 ataweza. Mtoto wa miaka 6 hawezi. Basi mama yake humweka nyumbani mpaka akue. Akija shuleni ana miaka 9 huona haya kukaa pamoja na wadogo, na wengi wa namna hiyo huacha masomo kabla ya darasa la saba.

Jirani zetu wa Tanzania wana njia moja ya kuondoa taabu hii. Katika vitongoji vya mbali hujenga shule ndogo ziitwazo shule shikizi. Neno hilo latokana na kushikiza, yaani kukifunga kitu kwenye kingine, kwa sababu shule hiyo ndogo imeshikizwa kwenye shule kubwa iitwayo shule mama. Mara nyingi huwa na darasa la awali na madarasa ya chini tu. Mtoto akipata nguvu ya miguu huenda kuendelea katika shule mama. Mwaka 2021 Serikali ya huko ilitenga fedha za kujenga vyumba vya madarasa 15,000, na katika hivyo 3,000 vilikuwa vya shule shikizi.

Faida ya kwanza ya shule kama hizo ni kwamba mtoto huanza kusoma kwa wakati wake. Jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2007, katika mkoa wa Ghor nchini Afghanistan, wataalamu wawili kutoka Marekani, Dana Burde na Leigh Linden, walichunguza vijiji 31. Baadhi ya vijiji vilichaguliwa kwa kura vikapewa shule ndogo mwaka huo, na vingine vikangoja mwaka mmoja. Walimu walikuwa watu wa palepale. Katika vijiji vilivyopata shule, wavulana waliosoma walizidi wale wa vijiji vilivyongoja kwa kadiri ya 35 katika kila 100, na wasichana walizidi kwa kadiri ya 52. Tena watoto wa vijiji hivyo walifanya vizuri zaidi katika mitihani. Ni wazi basi kwamba wazazi wa huko hawakuwachukia binti zao, waliogopa njia.

Faida ya pili ni kwamba mwalimu humjua kila mtoto. Katika darasa langu nina watoto zaidi ya 80. Asiyejua herufi aweza kujificha nyuma muhula mzima. Katika shule ya watoto 30 hana pa kujificha. Mwalimu humjua kwa jina, na asipofika leo, jioni hupita kwao kuuliza habari.

Faida ya tatu ni wazazi wenyewe. Shule iliyo karibu huonekana kila siku. Baba apitaye kwenda shambani huona kama mwalimu amefika, na paa likivuja hupatikana watu wa kuliziba.

Yako pia maneno ya kupinga, na si ya kupuuzwa. Wengine husema shule ndogo ina mwalimu mmoja au wawili tu, na mmoja akiugua masomo husimama. Wengine husema itasahauliwa, ikose vitabu. Ni kweli yaweza kutokea. Ndiyo sababu shule ndogo haifai kuachwa peke yake. Yapasa iwe chini ya shule kubwa, ambayo itaipa vitabu, itaikagua, na kumpeleka mwalimu mwingine yule wa kwanza anapougua. Tena isijaribu kufundisha madarasa yote. Kazi yake ni kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo.

Jambo hili sasa liko mbele yetu. Wazazi wa shule ninayofundisha wamechanga fedha, nazo ni kidogo. Nusu yao wataka kuongeza chumba katika shule kubwa. Nusu wataka vyumba viwili vya udongo ng'ambo ya bonde. Mimi nimesimama upande wa ng'ambo, na nimewaeleza haya niliyoyaandika hapa. Chumba kipya shuleni kitawapunguzia msongamano watoto wafikao tayari. Hakitamleta yule asiyeweza kuvuka maji.

Wadogo zangu mlioko shuleni sasa, na ninyi wenzangu mliokwisha kumaliza, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mkirudi makwenu wakati wa likizo, waulizeni watoto wa miaka saba wasomao wapi. Mkiona wamekaa nyumbani kwa sababu ya mbali, msinyamaze. Nendeni kwenye mkutano wa wazazi mkaseme, kwani ninyi mmesoma na mtasikilizwa.