Panya Majumbani: Namna Sahihi ya Kutega na Kulinda Afya ya Familia Nshambya

Nyumba nyingi za Kata ya Nshambya, Manispaa ya Bukoba, zimezungukwa na kibanja cha migomba na kahawa. Kibanja huipa familia chakula na kivuli, lakini matandazo yake, marundo ya kuni na mabaki ya mazao huwapa pia panya maficho hatua chache kutoka mlangoni. Mvua zinapozidi na mashimo kujaa maji, au maharage yanapovunwa na kuhifadhiwa ndani, panya hufuata mahali pakavu penye chakula.

Hasara inayoonekana haraka ni magunia yaliyotobolewa, nguo zilizotafunwa na nyaya za umeme zilizoguguniwa. Hasara kubwa zaidi ni ya kiafya. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ulikuwa homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa na 3 kati yao kufariki dunia. Vimelea vya ugonjwa huo hutoka katika mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na humwingia binadamu kupitia maji, udongo au chakula kilichochafuliwa, hasa ngozi inapokuwa na mchubuko.

Kagera yenyewe ina historia ya ugonjwa mwingine wa panya. Mwaka 1898 mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alieleza kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu huko Kiziba, eneo ambalo sasa lipo Wilaya ya Missenyi, na ambayo wenyeji waliyaita rubwunga, yalikuwa tauni. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Panya mgonjwa akifa na mwili wake kupoa, viroboto humhama na kutafuta mwili mwingine wenye joto, ukiwemo wa binadamu. Kwa sababu hiyo, panya wengi wanapoonekana wamekufa bila kutegwa wala kuwekewa sumu, wasiguswe. Taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Afya wa Kata au kwa Mwenyekiti wa Mtaa.

Katika mazingira ya kawaida, mtego ni njia salama na yenye gharama nafuu kwa kaya. Mafanikio yake hutegemea kufahamu mwenendo wa panya. Panya hupenda kupita pembeni mwa ukuta, gizani, kwa njia ileile kila usiku. Alama zake ni vinyesi, michirizi ya uchafu ukutani na mahali palipotafunwa. Mtego wa kufyatuka uwekwe hapo, ukielekezwa ukutani kwa upande wenye chambo, ili panya anayepita aukute mbele yake. Mtego uliowekwa katikati ya chumba hunasa kwa bahati tu.

Chambo kiwe kidogo na kifungwe au kipakwe vizuri, ili panya asikichukue bila kufyatua mtego. Dagaa wa Ziwa Victoria, karanga zilizosagwa au kipande cha ndizi mbivu hufaa. Panya wakubwa wa darini huogopa kitu kigeni. Kwao ni vyema mtego ukae na chambo siku mbili au tatu bila kutegwa, hadi wazoee kula, ndipo utegwe. Panya wadogo ni wadadisi na hunaswa mapema. Ni bora kutega mitego mingi kwa usiku michache kuliko kuweka mtego mmoja kwa mwezi mzima, kwa kuwa panya jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu na idadi inayopungua hurejea haraka. Mitego yote iwekwe mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, na ikaguliwe kila asubuhi.

Panya aliyenaswa asishikwe kwa mkono mtupu. Mhusika avae glavu au mfuko wa plastiki, amnyunyizie panya na mtego dawa ya kuua vijidudu, kisha amfukie katika shimo refu lililo mbali na kisima. Vinyesi visifagiliwe vikiwa vikavu, kwa sababu vumbi lake huweza kuvutwa kwa pumzi. Vilowanishwe kwanza kwa dawa hiyo, viachwe kwa dakika tano, kisha vifutwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka.

Kuhusu sumu, tahadhari kubwa inahitajika. Sumu zinazouzwa mitaani katika vifuko visivyo na lebo zinaweza kumuua mtoto, mbuzi au paka wa nyumbani, na panya aliyezila huenda akafia darini. Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mwananchi anunue chenye lebo kutoka duka lenye kibali na afuate maelekezo yake. Mtoto akila sumu, asilazimishwe kutapika. Apelekwe haraka kituo cha afya pamoja na kifungashio cha sumu hiyo.

Kutega pekee hakutoshi iwapo nyumba imeachwa wazi. Panya mdogo hupita katika tundu la milimita 6. Zipo nyumba Bukoba ambazo bado zina nyufa za tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Nyufa hizo zizibwe kwa saruji, na matundu ya mabomba yazibwe kwa wavu wa chuma. Maharage, kahawa na senene waliokaushwa vihifadhiwe katika vyombo vyenye mfuniko, magunia yawekwe juu ya chaga, na matandazo na kuni visogezwe mbali na ukuta.

Kaya moja ikisafisha na ya jirani ikaacha, panya huhama tu kwa muda. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi ya mitaa yote ya Nshambya kufyeka, kuondoa taka na kutega kwa pamoja. Mtu yeyote mwenye homa, maumivu ya misuli, macho kuwa ya njano au uvimbe wenye maumivu kwenye mtoki awahi kituo cha afya na amweleze mtaalamu iwapo nyumbani kuna panya. Ushauri hupatikana pia kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.