LISHA NYUMBA KWANZA, NDIPO UPELEKE GHALANI

Leo tunaingia jikoni. Kina baba msiondoke, maana jambo lenyewe linaanzia shambani na kwenye mizani ya chama cha msingi.

Tunataka kueleza juu ya chakula cha mimea kinachopikwa nyumbani kikiwa kizima: nafaka isiyokobolewa, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta, mboga za majani na matunda. Vyote hivi vinaota katika ardhi yetu. Lakini zipo nyumba ambazo msimu ukiisha, mbaazi zote zimekwenda mnadani, ufuta wote umekwenda, na karanga zilizobaki ni za mbegu tu. Ikifika Januari, watoto wanakula ugali mweupe kwa mchuzi wa majimaji. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengeki. Mtoto anadumaa katika nyumba ya mtu aliyevuna magunia.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Karanga zile zilikusudiwa kutoa mafuta kwa ajili ya Waingereza, ambao walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa kwa hasara kubwa. Tena mwaka 2017, India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake. Bei ikaanguka huku kusini. Soko la mbali lina mambo yake, na mkulima hana sauti ndani yake. Lakini mbaazi iliyokosa bei bado ni chakula kile kile.

Hatusemi msiuze. Fedha ya ufuta, mbaazi na korosho ndiyo inayonunua bati, sare za shule na dawa, na ndiyo maana wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI. Tunasema hivi: pimeni kwanza cha nyumbani, kinachozidi ndicho kiende ghalani.

Hesabu ya akiba

Chukueni nyumba ya watu 6. Chungu kimoja cha mbaazi kinataka nusu kilo ya mbaazi kavu. Mkipika mara 3 kwa wiki, katika mwaka wa wiki 52 mtapika mara 156. Hiyo ni kilo 78, haifiki hata gunia la kilo 100. Karanga zilizobanguliwa, robo kilo kwa kila chungu, ni kilo 39. Basi, gunia moja la mbaazi na nusu gunia la karanga vikibaki nyumbani, mwaka mzima mna chakula cha kujenga mwili. Baba na mama wakae pamoja wafanye hesabu hiyo kabla ya siku ya mnada, siyo baada yake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mbaazi hubunguliwa! Zianikeni zikauke kabisa, kisha mzitie katika pipa safi au mfuko usiopitisha hewa, mfunge vizuri.

Kwa nini mbaazi na ugali viende pamoja

Protini ya mahindi ina upungufu wa kitu fulani ambacho mbaazi na kunde zinacho kwa wingi. Mbaazi nazo zina upungufu wa kitu kingine ambacho mahindi na ufuta vinacho. Vikiliwa pamoja, kila kimoja kinafidia upungufu wa mwenzake. Kwa hiyo mwenye kula ugali na mbaazi asijione maskini kwa kuwa hakula nyama.

Ugali wenyewe uwe wa dona. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, na humo ndimo yalimo mafuta, vitamini nyingi na madini. Zile pumba tunawapa kuku, kuku wananenepa, sisi tunabaki na wanga. Ila jueni mambo mawili. Unga wa dona huharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini, basi msage kidogo kidogo. Tena mahindi ya dona lazima yawe makavu na yaliyochambuliwa, maana sumukuvu hukaa zaidi katika ganda na kiini.

Sumukuvu ni sumu itokanayo na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga nazo huipata. Anikeni juu ya turubai au mkeka, wala msianike juu ya udongo mtupu. Karanga iliyooza, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupeni. Msiitie katika mboga, msimpe kuku. Kukaanga na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Mbaazi za karanga

Chukueni nusu kilo ya mbaazi kavu, robo kilo ya karanga zilizochambuliwa, nyanya 3, kitunguu kimoja na chumvi.

1. Chambueni mbaazi, zioshwe, kisha zilowekwe usiku kucha. Zikilowa zinaiva upesi na kuni zinapungua.
2. Asubuhi mwageni maji yale, mtie maji mapya, mchemshe huku chungu kimefunikwa mpaka zilainike. Msitie magadi. Yanalainisha upesi, lakini yanaharibu vitamini.
3. Karanga zikaangwe kidogo, zitwangwe zilainike, zikorogwe kwa maji ya uvuguvugu.
4. Tieni kitunguu na nyanya katika mbaazi, halafu karanga. Korogeni kwa moto mdogo kama dakika 15, zisishike chini. Chumvi iingie mwisho.

Asiye na karanga atwange ufuta. Hapa hakuna haja ya mafuta ya dukani, kwa sababu mafuta yamo ndani ya karanga na ufuta.

Pembeni pawe na mboga ya majani: mchicha, matembele au majani ya kunde. Osheni kwanza, ndipo mkate, na mpike muda mfupi. Mboga ikipata karanga kidogo, mwili unapokea vizuri vitamini A iliyomo. Kisamvu peke yake kina sheria nyingine: kitwangwe sana na kichemshwe muda mrefu chungu kikiwa wazi, ili sumu ya muhogo itoke.

Mkimaliza, kuleni embe, papai, chungwa au kamulieni limao. Matunda hayo yanausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na mbaazi. Chai msinywe pamoja na chakula, kwa kuwa inazuia madini hayo. Ngojeni kama saa moja.

Je, mimea peke yake yatosha?

Mtu atauliza hivyo, na ni swali zuri. Vitamini B12 haipatikani katika mimea hii. Kwa hiyo yai, maziwa au dagaa kidogo viwepo, hasa kwa mama mjamzito, mama anyonyeshaye na watoto wadogo. Asiyekula kabisa vyakula vya wanyama aende kituo cha afya aulize juu ya vidonge. Mtoto akitimiza miezi 6 aendelee kunyonya, na aanze kupewa uji mzito wa dona au mtama uliotiwa karanga zilizosagwa laini kabisa, mara kadhaa kwa siku, maana tumbo lake ni dogo.

Mwaka 1975 vikundi vya kusikiliza redio vilikutana nchi nzima katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina lile lilisema kweli. Tangu mwaka 2009 ipo hata mbegu ya karanga iliyotoka Kituo cha Utafiti cha Naliendele na kupewa jina la Nachingwea. Itakuwa aibu jina letu liwe katika mbegu, na karanga isiwe katika chungu chetu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Msimu uliopita, nyumba yako ilibakiza kilo ngapi za mbaazi, na ziliisha mwezi gani?
2. Nani nyumbani huamua kiasi cha kuuza, na je, mpishi huulizwa?
3. Kikundi chetu kinaweza kununua turubai la pamoja la kuanikia karanga?

Haya, ndugu wakulima, nendeni mkapime. Kwaherini.